Kulwa, Doto na Shija: nani analipia nguvu za ajabu?

Kijana akiniletea mswada wa ndugu wenye nguvu za ajabu, kwanza natafuta nani anaumia nguvu hizo zinapotumika. Miswada mingi ninayohariri hapa Tabora hukwama hapo. Dada anarusha moto, kaka anasoma mawazo, serikali katili inawawinda, na kufikia sura ya tano msomaji ameshajua watashinda, maana hakuna wanachopoteza.

Riwaya za namna hii, ambazo wahakiki huziita za distopia, husimama juu ya utawala uliochukua jambo la kawaida la watu ukaligeuza kamba ya kuwafungia. Ukiwa Unyamwezini huna haja ya kulitafuta mbali. Mapacha huku majina yao yanawasubiri kabla hawajazaliwa: anayetangulia ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada yao ni Shija. Sasa mkabidhi mtawala dhalimu desturi hiyo. Atafungua daftari. Kila Kulwa ataenda jeshini, kila Doto machimboni, na ni marufuku kuonana, kwa kuwa nguvu za mapacha huamka wakiwa pamoja.

Ndivyo nilivyofanya kwenye mswada wangu mwenyewe. Pacha wangu wametoroka, wamekutana, na Kulwa anaita nyuki. Nilichagua nyuki kwa sababu asali ni riziki ya watu wengi wa hapa, na yeyote aliyewahi kupanda mti usiku kurina anajua kuwa nyuki hawaamrishwi. Lakini mwanzoni nguvu zile nilimpa bure. Msichana wa kidato cha tatu alisoma sura tatu akanirudishia karatasi. "Mwalimu, huyu haogopi kitu. Mimi nitamwogopea nini?" Alisema kweli, nikaanza upya.

Sasa Kulwa akiita, anayelipa ni Doto: sauti inamtoka. Nyuki wachache, koo linakwaruza. Kundi zima, anakuwa bubu mpaka kesho yake. Katika tukio ninalolipenda kuliko yote, Kulwa yuko juu ya mti, ameegemea mzinga wa gome, na walinzi wanakuja na tochi. Anaweka kiganja kwenye gome. Lina joto, na mngurumo unampanda hadi kwenye kiwiko. Neno la kuita liko ulimini. Chini, kichakani, Doto amempakata mtoto wa watu aliyekimbia nao, anamwimbia taratibu sikioni ili asilie. Kulwa akiita, wimbo utakatika, na mtoto ataangua kilio. Tukio hilo nimeliandika mara nyingi, na kila mara nafuta sentensi zinazosema wanapendana. Hazihitajiki.

Halafu yuko Shija. Daftari la mtawala lina safu mbili, ya Kulwa na ya Doto. Anayewafuata hakuhesabiwa, kwa hiyo anapita kwenye vizuizi kama mtoto wa yeyote. Sikumpa nguvu za kupigana. Anachoweza ni kubeba deni: akimshika Doto mkono Kulwa anapoita, sauti inamtoka yeye. Na tofauti na ya Doto, ya Shija hairudi. Inapungua kila mara.

Chumba cha daftari nimekiweka ndani ya boma lenye kuta nene, kando ya ghala la baruti, na wasomaji wa hapa watajua kwa nini. Mwaka 1893 Wajerumani walipoingia katika boma la Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwenye ghala lake la baruti asikamatwe. Kwa hiyo nikiandika tu kwamba Shija ameshika kibatari, msomaji wa Tabora moyo unaanza kumdunda bila mimi kuongeza neno.

Nimefika hapo. Shija yuko mlangoni, mwanga unacheza ukutani. Ndugu zake wako upande wa pili wa ukuta, hawajui kwamba amefika, na sauti ya kuwaambia wakimbie imeshamwisha.