Kaunti imepitisha mradi wa umeme, sasa mnaanzia wapi?

Kila kaunti ikikubali mradi mkubwa wa nishati inboksi yangu inajaa na ujumbe ni ule ule, gavana ametuuza, MCA (mwakilishi wa wadi) amekula, tuandamane lini. Kazi yangu ni tathmini ya athari kwa mazingira, zile ripoti nene ambazo bila hizo mradi kama huo haupati leseni ya NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa hivyo wacha niwaambie vile naona. Hasira yenu iko sawa kabisa ila mara nyingi mnaimalizia kwa gavana, na saini ya gavana sio inayowasha mtambo.

Katiba ya Kenya ya 2010 iliacha sera ya nishati kwa serikali kuu, kaunti ikabaki na mipango yake ya maendeleo na mambo ya kusambaza umeme na gesi. Bunge la kaunti likipitisha hoja na watu wapige makofi, hio bado si leseni. Leseni ya mazingira inatoka NEMA, ya kuzalisha umeme inatoka EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, na umeme wenyewe mara nyingi unauziwa Kenya Power. Sasa mbona kila mwekezaji anaanzia kwa kaunti? Ardhi tu. Hapo ndo maafisa wa kaunti wana nguvu ya kweli na hapo ndo wenyeji huumia.

Angalia Marsabit. Ule mradi wa upepo wa Lake Turkana, mitambo 365, megawati 310, ulipewa ekari 150,000 na lile baraza la kaunti la kitambo, kabla ugatuzi haujakuja, wakati ardhi ya wafugaji ilikuwa chini ya udhamini wa baraza. Wakazi wakaenda kortini 2014. Uamuzi ukaja Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi kule Meru ikasema hatimiliki hazikupatikana kwa njia ya sheria na ikatoa mwaka mmoja wa kurekebisha. Wakati huo mapanga ya mitambo yalikuwa yanazunguka na umeme ushaingia kwa gridi tangu 2018. Walishinda, sawa, lakini utang'oa nini saa hio?

Siku hizi kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, na naona watu wengi hawaijui kabisa. Ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa kaunti inaishika tu kwa niaba yenu, haina ruhusa ya kuiuza wala kuigawa. Mkishasajili, mwekezaji lazima akubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii kwenye mkutano ulioitwa kwa ajili hio, si wazee watano na chifu hotelini. Kwa hivyo sajilini mapema, kabla hamjaona gari za wapimaji, kwa sababu wakishafika kila mtu anataka kuwa mwenyekiti.

Alafu kuna Lamu, na hii nawaomba muisome polepole. Mtambo wa makaa ya mawe, megawati 1,050, ulipangwa kujengwa Kwasasi, na bomba la moshi la mita 210, karibu na mji wa kale ambao uko kwa orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. NEMA ikatoa leseni Septemba 2016. Save Lamu, kikundi cha wenyeji, na wenzao wakaenda kwa tribunali ya mazingira, ile watu wanaiita NET, na Juni 2019 leseni ikafutwa. Unajua hoja iliyobeba uzito? Si kwamba makaa ni mabaya. Ni kwamba umma haukuhusishwa ipasavyo, mikutano ilifanyika kabla utafiti haujaisha, kwa hivyo watu waliulizwa maoni juu ya madhara ambayo hakuna aliyewaonyesha. Kampuni ikakata rufaa na Oktoba 2025 korti ya Malindi ikaitupa. Linganisha na Kinangop, ule upepo wa megawati 60, pia ulikufa 2016 lakini baada ya maandamano ambayo mtu alipoteza maisha. Mimi sipingi maandamano, ila karatasi za Lamu hazikuzika mtu.

Sasa tuongee kuhusu ile fomu ya mahudhurio, kwa sababu nimeshika nyingi mkononi. Ina jina, namba ya kitambulisho, simu, saini, na juu imeandikwa tu mkutano wa wadau. Mama anasaini akijua anapokea nauli, kijana anasaini kwa sababu chai inagawanywa kwa kufuata orodha, miezi baadaye hizo karatasi ziko nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba jamii ilihusishwa, na aliyeinuka akapinga kwa dakika kumi ameandikwa mstari mmoja, "baadhi waliomba ufafanuzi". Ukisaini andika kando ya jina lako kwamba hukubali na kwa nini. Piga picha huo ukurasa. Na muwe na katibu wenu wa kuandika kumbukumbu zenu, hata kwa daftari ya shule.

Kanuni zinasema mwenye mradi afanye angalau mikutano mitatu na watu watakaoathirika, atangaze kwa gazeti na kwa redio, na lugha ya wenyeji iwemo. Ripoti ikishafika NEMA na tangazo likatoka, kuna siku 30 za kupeleka maoni ya maandishi. Ripoti ni hati ya umma, nendeni ofisi ya NEMA muiombe, akikataa afisa mwambieni aandike kwamba amekataa. Mkiisoma anzeni nyuma kwa viambatisho, angalieni tarehe za mikutano na tarehe ya utafiti, hapo ndo watu wa Lamu walishinda.

Na kama leseni ishatolewa, kukata rufaa NET ni siku 60, msibahatishe, hesabuni kutoka tarehe iliyo kwa leseni sio siku mliyosikia kwa baraza la chifu.