Je, wajua kwa nini jiwe la kukanyagia bustanini hupasuka mapema?

Jiwe la zege likipasuka, lawama hubebeshwa saruji. Mara nyingi mkosaji ni maji: yalizidi siku ya kuchanganya, kisha yakakosekana siku zilizofuata.

Zege haligandi kwa kukauka. Saruji huungana na maji kikemia, na muungano huo hutumia maji ya takriban robo tu ya uzito wa saruji. Mengine tunayaongeza ili zege lilainike, nayo yakitoka huacha vitundu. Kwa hiyo usivuke nusu ya uzito wa saruji.

Jiwe la duara la upana wa sm 40 na unene wa sm 5 hutaka saruji kilo 3, mchanga msafi lita 4, kokoto za milimita 10 lita 4, na maji lita 1.5. Mchanga ukiwa na unyevu, punguza maji. Vaa glavu, saruji mbichi huunguza ngozi. Changanya vikavu kwanza. Rangi ya unga huingia hapohapo, gramu 150 zatosha. Ikipita 300, zege hudhoofika.

Paka mafuta beseni la plastiki, jaza nusu, laza wavu wa waya, malizia, kisha gongagonga kando hadi mapovu yaishe. Wavu hauzuii ufa, hushikilia tu vipande visiachane. Ukikaa karibu na uso hupata kutu, na kutu ikivimba hubandua zege.

Mapambo yasubiri maji yaliyopanda juu yapotee, ukiyawahi yatazama. Yadidimize zaidi ya nusu ya unene wake. Kokoto za mtoni ndizo salama kuliko vyote. Vigae vinavyong'aa huteleza vikilowa, viweke ukingoni. Vipande vya chupa vinapendeza, ila kioo huweza kupambana na alkali, kemikali kali iliyomo kwenye saruji, na kuvimba miaka ikipita. Palipobaki wazi pitisha brashi, usilainishe kwa mwiko.

Mafundi husema zege halilali: likishachanganywa, limwagwe. Likishamwagwa sasa lilale, tena likiwa limelowa. Lifunike kwa nailoni, litoe kwenye beseni baada ya siku 2, kisha liweke chini ya gunia bichi hadi zitimie siku 7. Nguvu kamili huikaribia siku ya 28.

Hata jiwe zuri huvunjwa na uwazi ulio chini yake, maana zege hustahimili kubanwa mara kumi hivi kuliko kuvutwa, na jiwe linalopinda huvutwa upande wa chini. Chimba sm 10, shindilia changarawe na mchanga hadi sm 5, laza jiwe, ukanyage kila ukingo. Likicheza, linyanyue ujazie mchanga.

Umbali wa jiwe hadi jiwe usiupime kwa futi. Tembea mwendo wako wa kawaida, uweke alama unapotua mguu. Kwa mtu mzima huwa karibu sm 60, toka katikati ya jiwe moja hadi katikati ya linalofuata.