"Panya walinyimwa protini, uvimbe ukasinyaa": dhana inayowadhoofisha wagonjwa wetu

"Protini inalisha saratani, wameshathibitisha kwa panya." Kliniki ya lishe siimalizi wiki bila kuyasikia maneno haya. Mgonjwa ameacha mayai, dagaa na maharage, kabaki na uji mweupe na chai ya rangi. Akirudi kwa dozi inayofuata, uzito umeshuka, damu ni pungufu, tibakemikali inaahirishwa.

Panya hao hawakunyimwa protini. Walipewa chakula cha maabara kilichopimwa kila asidi amino (vijenzi vya protini), kisha ikapunguzwa moja tu, methionini. Katika utafiti mmoja wa mwaka 2019, chakula hicho kilizipa nguvu zaidi dawa na mionzi dhidi ya uvimbe wa panya. Watu waliojaribiwa humo walikuwa 6, wote wazima, kwa wiki 3. Hakuna mgonjwa wa saratani aliyetibiwa kwa chakula hicho.

Halafu kuna suala la kinga, ambalo wanaosambaza habari hizi hawaligusi kabisa. Ili uvimbe wa binadamu uote ndani ya panya, hutumika panya waliozalishwa bila kinga kamili. Mwaka 2023 watafiti waliwalinganisha hao na panya wenye kinga timamu. Kwa wasio na kinga, kupunguza methionini kulizuia uvimbe. Kwa wenye kinga, uvimbe uliendelea zaidi! Bakteria wa utumbo walitoa gesi ya hidrojeni salfaidi kidogo, seli T, yaani askari wa kinga, zikalegea, na seli T ndizo zinazoua seli za saratani. Zikishaamshwa, zenyewe zinahitaji methionini nyingi ili zigawanyike. Wewe una kinga, na tunaihitaji ifanye kazi.

Linaloniumiza zaidi ni maharage. Protini ya maharage ina methionini kidogo. Ya mahindi, kwa uwiano, inayo zaidi. Kwa hiyo aliyeacha maharage akabaki na ugali mtupu hata hao panya hajawaiga. Amejinyima lishe tu.

"Lakini kuna dawa inayoinyima saratani asidi amino." Ipo, inaitwa asparajinesi, na inatibu leukemia kali ya limfu, aina ya saratani ya damu, hasa kwa watoto. Inavunja asparajini, asidi amino nyingine, ndani ya damu yenyewe. Kwa kuacha chakula fulani hufiki huko, maana mwili hujitengenezea asparajini.

"Kinachofaa saratani moja kinafaa zote." Hapana. Mwaka 2017, panya walioondolewa asidi amino mbili, serini na glisini, katika chakula waliishi muda mrefu zaidi wakiwa na uvimbe wa utumbo au limfoma (saratani ya mfumo wa limfu). Wenye saratani ya kongosho iliyochochewa na jeni ya Kras hawakunufaika.

Mgonjwa wa saratani anashauriwa apate zaidi ya gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, ikiwezekana hadi 1.5. Mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 60 hadi 90, na yai moja lina gramu 6 hivi. Asiyeweza kutafuna namwambia kila mara: kaanga dagaa wakauke, watwange, chekecha, koroga vijiko viwili kwenye uji, ongeza karanga zilizosagwa. Mwenye tatizo la figo asijipimie mwenyewe. Aje tumpangie kiwango chake kwa kuangalia vipimo vya damu.