Perege wa Jipe na maneno ya mwaloni

"Perege ni perege tu." Ukisimama mwaloni kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, Mto Pangani, kauli hii inaonekana kweli: karai limejaa, wote wana miiba mgongoni, wote wataishia kwenye mafuta. Lakini perege wa Jipe, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis jipe, hana kwao kwingine duniani isipokuwa bonde la Mto Pangani, kuanzia Ziwa Jipe mpakani mwa Kenya na Tanzania. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, limemweka kwenye kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Dhana inayonikera zaidi ni ya watu wenye nia njema: samaki wakipungua, mwaga vifaranga wa sato, ndugu yake perege anayefugwa sana, ziwa litajaa tena. Litajaa, ndiyo, ila si perege wa Jipe. Sato si mwenyeji wa Pangani, aliletwa. Anakua haraka, anagombea mazalia, na baya zaidi, anazaana na perege. Chotara wao nao huzaa, hivyo kila kizazi damu ya perege inazidi kuchujuka bila hata mzoga mmoja kuonekana ukielea. Mkia wa sato una mistari ya kusimama, utaiona ukimwinua juani. Kwa chotara alama huvurugika hadi wataalamu hulazimika kupima vinasaba. Na usijifariji kwamba sato wako kwa wenye kufuga tu: mvua kubwa ikinyesha, bwawa likafurika, wanaingia mtoni.

Wengine husema perege jike hula watoto wake, maana akivuliwa hutema mayai au vifaranga. Kumbe mdomoni ndimo anamolelea. Dume huchimba kiota, jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni. Hata yakishaanguliwa, vifaranga hukimbilia humo wakiona hatari. Kwa malezi hayo hutaga machache kuliko samaki wanaomwaga mayai na kuyaacha, na wavu ukimnasa jike mmoja umeondoka na kizazi kizima.

Wavuvi ndio waliommaliza? Wana sehemu yao, hasa wenye nyavu za macho madogo. Ila udongo unaoshuka ziwani na Mto Lumi, magugu yaliyotanda Jipe na maji yanayochepushwa kwenda mashambani havikuletwa na mwenye mtumbwi. Kufunga uvuvi huku sato wakiendelea kumwagwa humohumo ni kumlinda chotara.