Kufunga ili upungue: yanayosemwa na ukweli wake

Jamani hii fastingi ya masaa 16 bila kula na 8 ya kula imeshika sana hapa Dodoma, maofisini huko Mtumba kwenye mji wa serikali mtu haonji kitu mpaka saa 6 mchana, na sio mbaya, ila mengi yanayosemwa sio kweli.

Eti ukifika muda wako unakula chochote. Hapana! Unapungua ukila kidogo kuliko mwili unavyotumia, basi. Kuna utafiti wa China ulitoka 2022, watu 139 wanene wakafuatiliwa mwaka mzima, wote walipunguziwa chakula ila nusu wakabanwa na masaa 8 pia, na mwishoni kilo walizopungua hazikupishana kwa maana. Sasa wewe unafungulia chipsi mayai na soda mbili, kwa nini usile ugali wa mtama na mlenda na maharage ushibe vizuri?

Eti kilo za wiki ya kwanza zote ni mafuta. Nyingi ni maji.

Eti juisi ya zabibu haivunji mfungo kwa vile ni ya asili, wakati imejaa sukari. Kunywa maji, au chai ya rangi bila sukari, na kwa jua hili la Dodoma maji usiyaache kabisa.

Halafu kuna wanaosema kufunga kunaponya saratani, wanamtaja Mjapani Yoshinori Ohsumi. Nobel ya 2016 kweli alipewa kwa kuonyesha seli zinavyojisafisha, ila alichunguza hamira, sio wagonjwa.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hii ya "funga tu, sukari itapona, achana na dawa". Wapo waliopungua uzito sukari ikatulia, ila dozi alipunguza daktari. Ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide ukafunga na dozi ile ile, dawa inaendelea kushusha sukari na tumboni hamna kitu, unaanza jasho, kutetemeka, unaongea visivyoeleweka, unaweza kuzimia kabisa. Na anayeishi kwa insulini akiiacha anaweza kufa, kwa hiyo ongea na daktari wako KABLA hujaanza. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto, hii sio yenu.

Mtu akianza kutetemeka hivyo na bado anameza, mpe soda ya kawaida au maji ya sukari haraka. Akiwa ameshazimia usimmiminie kitu mdomoni, mlaze ubavu mumkimbize hospitali.