Ameua, lakini si muuaji

Mama mmoja wa Kilolo alikuja ofisini kwangu hapa Iringa, akakaa, akasema: "Wakili, mwanangu ameua, hilo sikatai. Lakini mwanangu si muuaji." Vijana walikuwa kwenye kilabu cha ulanzi, ugomvi ukazuka, mmoja akasukumwa, kichwa kikagonga jiwe.

Sarufi ya yule mama ilikuwa nzuri kuliko ya vichwa vingi vya habari. Ile -ji ya mwishoni mara nyingi hubeba mazoea au kazi. Mfugaji anaishi na mifugo. Mwimbaji si kila aliyewahi kuitikia pambio kanisani. Basi ukimwita mtu muuaji kwa tendo la sekunde mbili, umemfanya kuua kuwa ndiyo shughuli yake. "Aliyeua" hutaja tendo tu. (Na tahajia ni muuaji, wingi wauaji, kama muuguzi na wauguzi. Ile w ya "muuwaji" haina kazi.)

Sheria nayo hutazama nia. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu ni kuua kwa kukusudia, na hukumu yake ni kifo. Cha 195 ni kuua bila kukusudia: adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha, lakini jaji ana nafasi ya kupima.

Mkoa wetu unalijua hilo kwa uchungu. Desemba 25, 1971, kule Isimani, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, kisha akaupeleka mwili polisi mwenyewe. Nani ameua halikuwa swali. Mahakamani walibishania akili yake na hasira yake saa ile. Akatiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, akanyongwa.

Ndiyo maana naumia nikisoma "Muuaji akamatwa" siku moja baada ya tukio. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akisomewa shtaka, mshtakiwa.

Kijana wa yule mama ameshtakiwa chini ya 196, nami nitapigania 195. Kabla mama hajaondoka aliniuliza awajibu nini majirani wanaomwita "mama wa muuaji". Nikamwandikia neno moja kwenye karatasi, mshtakiwa. Akalikunja, akalifunga kwenye pindo la khanga.