Kizazi Kilitolewa, Sasa Hii Damu Inatoka Wapi?

Mama yangu mdogo alinipigia simu saa nne usiku, saa ambayo kwetu simu ikilia mtu huuliza kwanza nani kafa. "Mwanangu," akaninong'oneza, "nimeingia mwezini."

Ana miaka 46. Miaka sita iliyopita, usiku aliojifungua mtoto wake wa mwisho, damu ilikataa kukata, akakimbizwa tena chumba cha upasuaji na kutolewa kizazi. Tangu hapo pedi alikuwa hanunui. Siku moja moja aliona rangi ya kahawia kwenye nguo ya ndani, akadhani ni uchafu wa kawaida. Safari hii ilikuwa nyekundu, siku mbili mfululizo, na ilikuwa mara ya tatu kila baada ya wiki nne.

Kabla hajanipigia mimi alikuwa ameshauliza majirani. Mmoja kamwambia kizazi kimeota upya. Mwingine kamwambia daktari hakukitoa, alishona tu juu juu. Wa tatu akataja jini. Nayaandika hapa kwa sababu nimeyasikia, haya na ndugu zake, kwa wanawake wengi mno.

"Kizazi kimeota tena"

Hakioti. Kiungo kikishatolewa kimetoka. Ila neno letu "kutoa kizazi" linafunika operesheni zaidi ya moja, na hapo ndipo watu wanapopotea.

Chukua parachichi, uligeuze kichwa chini. Sehemu ile nene ya juu ndiyo mwili wa kizazi, mtoto anapokaa. Ncha nyembamba ya chini ndiyo shingo, nayo inachungulia ndani ya uke. Kuna operesheni inayotoa parachichi zima pamoja na ncha yake. Kuna nyingine inayokata mwili na kuiacha shingo. Hii ya pili hufanyika sana usiku wa dharura, mzazi anapovuja damu: shingo imekaa jirani kabisa na kibofu na mirija ya mkojo, kuichambua kunataka muda, na muda haupo. Daktari anaokoa roho kwanza.

Sasa pale juu ya shingo iliyoachwa, utepe mdogo wa ule utando unaojengeka na kubomoka kila mwezi unaweza kubaki. Ovari, vile vifuko vya mayai, hazikuguswa. Zinaendelea kutoa homoni kama zamani, hazijui kwamba kizazi hakipo. Utando mdogo ukipata homoni unanenepa, ukikosa unabanduka: matone, siku moja au mbili, kwa ratiba ileile ya mwezi. Mwanamke akikaribia kukoma hedhi homoni hupanda na kushuka ovyo, kwa hiyo kilichokuwa rangi tu kinaweza kuonekana damu.

Nilimwambia mama mdogo atafute kadi yake ya kuruhusiwa kutoka hospitali. Ilikuwa ndani ya kopo la biskuti, pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Alinisomea herufi moja moja kwenye simu: S, T, A, H.

Ile S ya mwanzo ndiyo jibu. TAH ni kizazi chote pamoja na shingo. Ikitanguliwa na S, shingo imebaki. Ukiona BSO, mirija ya uzazi na ovari za pande zote mbili zimetolewa pia. BTL ni mirija kufungwa tu, kizazi kipo palepale. Kama una kadi ya namna hiyo nyumbani, kaiangalie leo.

"Huna kizazi, huwezi kupata saratani ya kizazi"

Hii inaniumiza kuliko zote. Saratani tunayoiita ya mlango wa kizazi huanzia kwenye shingo, na nchini Tanzania ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Mwenye STAH shingo anayo. Anatakiwa aendelee kupimwa kama mwanamke mwingine yeyote, na mwenye VVU apimwe mapema na mara nyingi zaidi.

Kipimo cha kupakwa siki kliniki kwa kawaida hakiumi. Muuguzi anapaka, anasubiri kama dakika moja, anaangalia kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Baada ya hedhi kukoma, sehemu inayotakiwa kuonekana huwa imejivuta ndani, na hapo siki haitoshi. Omba kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hii, au cha kuchukua chembechembe. Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa ni sababu ya kwenda bila kungoja tarehe ya kliniki.

"Mimi nilitolewa chote, kwa hiyo hii damu ni uchawi"

Aliyetolewa chote, shingo ikiwemo, hawezi kupata hedhi. Damu anaweza kuiona. Pale juu uke uliposhonwa, nyama laini ya kovu inaweza kuota na kutoa damu ikiguswa, hasa miezi ya mwanzo. Miaka ikienda, homoni zikipungua, kuta za uke hukauka na kuchubuka kirahisi. Hilo lina dawa ya kupaka na wala si aibu. Mara chache huwa ni tishu za utando wa kizazi zilizojipandikiza nje ya mahali pake, na mara chache zaidi saratani ya uke.

Na je, una hakika damu imetoka ukeni? Kojoa kwenye kopo jeupe uangalie. Watu wa Unguja, Pemba na mabonde ya pwani tumekua na kichocho, na wengi tunakijua kwa mkojo mwekundu wa watoto wa kiume. Kumbe mayai ya kichocho hujichimbia pia kwenye uke na shingo ya kizazi, yakasababisha vidonda vinavyotoa damu miaka mingi baada ya kuoga mtoni. Bawasiri nayo imewahi kumtisha mtu akadhani ni hedhi.

"Nilifunga kizazi, mimba haiwezekani"

Hapa tena lugha inatuponza. Kinachofungwa ni mirija. Kizazi kinabaki na hedhi inaendelea, na damu haipandi kichwani wala hairundikani tumboni kama wanavyosema.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 10,000 waliofunga mirija ulikuta mimba kama 18 au 19 kwa kila wanawake 1,000 ndani ya miaka kumi. Ni chache. Lakini karibu theluthi ya mimba hizo zilitunga nje ya kizazi. Kwa hiyo mwanamke aliyefunga miaka saba iliyopita, hedhi ikachelewa, kisha akaona damu kidogo na maumivu upande mmoja wa tumbo, asijitibu kwa panadoli. Kipimo cha mimba kinauzwa duka la dawa. Akianza kuona kizunguzungu au maumivu ya bega, atafutiwe bodaboda, gari, chochote, usiku huohuo. Mrija ukipasuka, damu inavujia tumboni na inayoonekana nje ni kidogo tu.

"Ni uvimbe wangu wa zamani umerudi"

Kwa kijana inawezekana. Operesheni ya kutoa uvimbe huacha kizazi, na uvimbe mwingine huweza kuota. Lakini kwa mama aliyekwisha kukoma hedhi siikubali. Uvimbe wa kawaida hulishwa na homoni. Homoni zikipungua nao husinyaa. Ukikaa miezi 12 bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, hata mara moja, usiseme uvimbe na usiseme ujana umerudi. (Shangazi mmoja alifurahi kabisa, akatamba mtaani.) Kati ya wanawake 100 wanaopatwa na hali hiyo, kama 9 hukutwa na saratani ya utando wa kizazi. Wengi wa wale 91 waliobaki wana mambo mepesi zaidi. Huwezi kujua uko kundi gani kwa kujitazama kwenye kioo. Ukiwahi, saratani hii ni miongoni mwa zinazotibika vizuri.

"Damu chafu, iache itoke"

Hakuna ghala la damu chafu. Na tafadhali, shabu, ndimu na ile mizizi ya kujiweka ukeni ziacheni. Zinachubua, zinaongeza damu, na siku ukifika kwa daktari anakuta kidonda ulichokitengeneza mwenyewe.

Waliojifungua kwa upasuaji wana lao pia. Kovu la ndani linaweza kuacha kishimo, damu ya hedhi ikatuama humo na kuchuruzika rangi ya kahawia siku kadhaa baada ya hedhi kwisha. Na kinundu kwenye kovu la nje kinachouma kila mwezi kina uhusiano na hedhi. Mwonyeshe daktari, usikikande.

Mama mdogo alikwenda kliniki wiki iliyofuata, kadi mkononi. Wakamchunguza shingo, wakachukua chembechembe, wakampiga altrasaundi ya kupitia ukeni. Kila kitu kilikuwa sawa. Daktari alimweleza kwamba matone yataisha ovari zikistaafu, na yakimkera zipo dawa za homoni, au operesheni ya kuitoa shingo. Hakutaka.

Nilidhani atafurahi. Alikaa kwenye benchi nje, akaigeuza ile kadi, akaisoma mbele na nyuma.

"Miaka sita," akasema. "Jirani kanieleza habari za jini, wewe umenieleza habari za parachichi. Wao walionikata hawakunieleza kitu."

Nikaipiga kadi picha, nikamtumia na yeye. Kisha tukapitia dukani, akanunua pakiti moja ya pedi, akamlalamikia muuzaji kwamba bei imepanda tangu alipoacha.